Uliza Mzee wa Posta: Nani Aliuweka Mji Huu Hapa?

Toleo lililopita niliandika mistari michache kuhusu barua zinazopotea kwa sababu ya miji yenye majina yanayofanana. Nilidhani nimemaliza, kumbe nimechokoza nyuki. Maswali ya miji yamejaa kwa mhariri, na mhariri huyo, ambaye kwa umri ni mjukuu wangu, amenikabidhi kurasa hizi na kusema, "Mzee, uliyawasha mwenyewe, yazime mwenyewe."

Kwa wasionijua: mimi ni Mnubi wa Bombo, na kazi yangu hadi nilipostaafu ilikuwa kuchambua barua Kampala. Mchambuzi wa barua haulizi kama mji ni mzuri. Anauliza unaitwaje na gari la kuufikia linapita wapi. Nitajibu kwa macho hayohayo.

*

Mzee, habari za siku. Mimi ni dereva wa lori, nalala Malaba kuliko nyumbani. Utingo wangu anasema Kampala maana yake ni swala. Nimeingia Kampala usiku na mchana, sijaona hata mkia. Tena ni nani aliyeona busara kuweka mji juu ya vilima vile, na mabonde yanayofurika kila mvua ikinyesha? — Dereva, Malaba

Ndugu dereva, utingo wako yuko sawa, mnunulie soda. Swala pala unaowatafuta wako Ziwa Mburo. Ukipeleka mzigo Rwanda unawapita kushoto kwako kabla hujaingia Mbarara. Zamani walikuwa hapa. Waganda walikuwa na kilima kimoja kidogo walichokiita *akasozi k'empala*, kilima cha swala, na husimuliwa kwamba Kabaka, mfalme wao, alikuwa akiwinda pale. Ndicho hiki tunachokiita leo Old Kampala, penye ule msikiti mkubwa ulioanzishwa na Idi Amin ukaja kumalizwa kwa fedha za Libya. Kampala ilikuwa hicho tu, basi. Mengo haikuwa Kampala. Rubaga haikuwa Kampala, wala Namirembe, wala Kibuli, wala Nakasero. Kila kilima kilikuwa na jina lake na wenyewe.

Mji ulikuwa wa Kabaka, na Waganda waliuita kibuga. Kibuga kilihamahama. Kabaka akifariki, kasri lake liligeuka kaburi lake, na mrithi akajenga kwingine. Speke, yule mpelelezi Mwingereza, alipofika Februari 1862 alimkuta Mutesa wa Kwanza yuko Banda, upande wa Kyambogo ya leo. Baadaye Mutesa akakaa Rubaga, kisha Kasubi, ambako alijenga mwaka 1882 na kuzikwa mwaka 1884. Mwanawe Mwanga akaenda Mengo. Vilima vyote hivyo utavizunguka kwa boda boda asubuhi moja na bado ukawahi chakula cha mchana.

Wala hawakuchagua vilima kwa maringo. Juu kuna hewa, na adui unamwona akiwa bado mbali. Chini bondeni kuna chemchemi na matete ya kujengea nyua. Bonde lilikuwa la maji, na watu wakaliachia maji. Mafuriko yanayokusumbua pale Clock Tower na Bwaise hayakuletwa na Kabaka yeyote. Tuliyaleta sisi, tuliojaza mabonde hayo maduka, halafu tukashangaa maji yanaporudi kwao.

Desemba 1890 akaja Kapteni Lugard na watu wa kampuni ya Waingereza. Adabu ilikuwa mgeni angoje kuonyeshwa mahali pa kupiga hema. Hakungoja. Akapanda kile kilima cha swala, ambacho hakikuwa na mtu, akajenga ngome. Kwa nini kile? Simama pale leo, utazame upande wa kusini. Mengo iko mbele yako. Aliyekaa Old Kampala aliiona nyumba ya Mwanga na kila aliyeingia na kutoka, na bunduki yake ya Maxim ilifika. Januari 1892, Waganda Waprotestanti na Wakatoliki walipopigana, Maxim ile ilifyatuliwa kutoka hapohapo.

Jina nalo lilishindana. Kwa miaka mingi wamisionari waliandika "Mengo" juu ya barua zao, maofisa wakaandika "Kampala". Stempu za kwanza kabisa za nchi hii zilipigwa kwa taipureta na mmisionari mmoja, Ernest Millar, mwaka 1895. Juu ziliandikwa U na G, na bei yake ilikuwa idadi ya kauri, si rupia wala senti. Nilipoanza kazi, mzee mmoja wa ofisini alinionyesha picha ya mojawapo, nikacheka sana. Leo nasikia wanaokusanya stempu huitoa kwa fedha ya kununulia shamba.

Mwishowe jina la maofisa lilishinda. Halikuwa zuri kuliko Mengo. Ila maofisa ndio walioshika kodi, korti, na baadaye stesheni: reli ilipofika mwaka 1931, msafiri alikata tiketi ya Kampala, si ya Mengo. Ofisi zenyewe zilikuwa zimeshahamia Nakasero, zikalibeba jina la kilima kidogo na kukivika kilima kingine, kisha vyote.

*

Shikamoo Mzee. Darasani tunafundishwa kwamba Entebbe ilikuwa makao makuu ya serikali. Kwa nini mtu aiache Kampala aende kukaa ziwani, halafu arudi tena? — Mwanafunzi wa kidato cha tatu, Entebbe

Marahaba, mjukuu wangu. Aliyekwenda ni Sir Gerald Portal, mjumbe aliyetumwa na London mwaka 1893 kuamua kama Uingereza ibaki au ifungashe. Kampala ya wakati ule haikukalika kwa raha: Kabaka huku, na kule watu wa dini tofauti wakitazamana kwa bunduki. Portal akatafuta mahali penye upepo, penye gati la mashua, na palipo mbali kidogo na kasri. Akayapata yote matatu kwenye rasi hiyo unayoishi, kilomita 40 hivi kutoka Mengo. Akapaita Port Alice, jina la mkewe.

Alice hakudumu. Wenyeji walikuwa na jina lao, *Entebe za Mugula*, yaani viti vya Mugula, mkuu wa ukoo wa Mamba (kwa Kiganda ni samaki kamongo) ambaye hapo ndipo alipokuwa akikaa kuamua kesi. Waingereza wenyewe wakalirudia, wakaongeza *b* moja kwa sababu zao.

Ziwa lilikuwa na ubaya wake. Miaka ile ya 1900 malale yalifagia ukingo wa Nalubaale, yaani Ziwa Victoria, Busoga na visiwani, wakafa watu zaidi ya 200,000. Gavana Hesketh Bell, yule wa Port Bell pale Luzira, akaamuru watu waondolewe kando ya maji. Visiwa vya Ssese vyote vikahamwa. Ukisikia kisiwa chenye ardhi nzuri namna ile kilikaa kitupu kwa muda mrefu, ujue ni mbung'o.

Uhuru ulipokuja mwaka 1962, makao makuu yakawa Kampala, maana watu, reli na biashara vilikuwa huko tangu zamani. Entebbe ikabaki na Ikulu na uwanja wa ndege. Kwenye mtihani usiache kutaja reli, wengi huisahau.

*

Salaam Mzee. Nauza mitumba Busia. Majirani wa Kenya wanasema Busia ya kweli ni yao, sisi tunasema ni yetu. Tuamulie. — Mama mitumba, Busia

Mama, kesi hii siiamui, kwa kuwa watu walitangulia na mpaka ukaja baadaye. Wasamia na Waiteso wako pande zote mbili mpaka leo, na kwenye harusi hakuna anayeuliza kitambulisho.

Tena mpaka wenyewe haukuwa hapo mlipo. Hadi mwaka 1902 Uganda ilienda mpaka Naivasha. Kisumu ilikuwa Uganda! Ndiyo maana reli ya kutoka Mombasa iliitwa Reli ya Uganda: Desemba 1901 ilipofika ziwani, pale walipopaita Port Florence kwa jina la mke wa mhandisi Preston, ilikuwa imefika Uganda kwa haki kabisa. Miezi michache baadaye London ikalikata jimbo lile la mashariki na kuwapa wa upande wa pili. Reli ikabaki inaitwa ya Uganda, na hapakuwa na hata reli moja iliyolazwa ndani ya Uganda. Nawaona Wakenya wakituchekea kwa hilo, lakini waulize kwanza babu zao wa Kisumu walizaliwa nchi gani.

Sisi posta tuliandika U au K pembeni mwa jina, tukaendelea na kazi. Na tangu kituo cha mpaka cha pamoja kilipofunguliwa mwaka 2018, hata foleni ya mihuri ni moja. Mteja akikuuliza Busia ya kweli ni ipi, mwambie ni ile yenye bei nafuu leo.

*

Mzee, sisi huku Moroto si Waganda na hatujawahi kuwa. Jina la Uganda lilitufikaje? — Mfugaji na msomaji wako, Moroto

Lilikufikeni kwa Kiswahili, ndugu yangu, na swali hili nililingoja muda mrefu.

Ufalme wa Waganda unaitwa Buganda, na B yake. Wafanyabiashara wa Pwani walifika kwa Kabaka Suuna tangu miaka ya 1840, wakipitia Tabora. Kiswahili huita nchi kwa U: Ugogo, Unyamwezi, Usukuma. Basi wakasema Unyoro, Usoga, Uganda. Speke alipokuja, mkalimani wake mkuu alikuwa Sidi Mubarak Bombay, na wapagazi wake walitoka Zanzibar na bara ya huku. Alichokisikia kwao ndicho alichokiandika. Mwaka 1894 London ilipotangaza ulinzi wake, ilitangaza juu ya Buganda kwa jina hilo la Kiswahili. Miaka iliyofuata ikaongeza Bunyoro, Toro, Ankole, Busoga, kisha kaskazini na huko kwenu, bila kubadilisha kibandiko.

Kwa hiyo hukuitwa Mganda. Umeitwa jina la Buganda kwa matamshi ya wapagazi, na hata Waganda wenyewe hawakuulizwa. Nami huwa nawakumbusha hilo wale wanaosema redioni kwamba Kiswahili ni lugha ya kuazima, ya askari na wezi, haina mizizi nchini. Wafungue pasipoti zao wasome jalada.

*

Mzee wetu, mimi ni mwalimu mstaafu Kamuli. Babu yangu alifanya kazi kwenye meli za Namasagali. Wajukuu zangu wakipaona leo hawaamini kwamba palikuwa na meli, wala treni. Mji unakufaje? — Mwalimu mstaafu, Kamuli

Mwalimu, kwa swali hili ningekuandalia kahawa tukae jioni nzima.

Nile ikitoka ziwani Jinja haipandiki wala haishukiki kwa meli. Ni maporomoko juu ya maporomoko: Ripon, Owen, Bujagali, na mengine mbele. Maji yanatulia kufika Namasagali. Kutoka hapo meli inaelea hadi Ziwa Kyoga na kulivuka. Wakati huo mbegu za pamba zilizoletwa mwaka 1903 zilikuwa zimeshika Busoga na kuingia Teso, na marobota yalitaka njia ya kufika Mombasa. Serikali ikajenga reli fupi, Reli ya Busoga, kutoka Jinja mpaka Namasagali, ikafunguliwa mwaka 1912. Robota la Teso lilipakiwa melini Kyoga, likashushwa Namasagali, likapanda treni, likashushwa Jinja, likapanda meli tena hadi Kisumu, likashushwa, likapanda treni ya Mombasa. Hesabu migongo iliyolibeba. Kila palipo na migongo ya kushusha na kupakia, pana mama lishe, pana fundi viatu, pana duka la Mhindi, pana askari na mlevi wa kukamatwa. Tayari ni mji.

Huo ndio ushauri wangu kwa yeyote anayeuliza kwa nini mji fulani uko pale ulipo: tafuta mahali mzigo unaposhuka chombo kimoja na kupanda kingine. Jinja ni hivyo. Port Bell ni hivyo. Malaba ya ndugu dereva ni hivyo mpaka leo, ingawa pale kinachobadilishwa ni karatasi.

Na Namasagali haikuwa ya pamba tu. Msafiri wa kaskazini alipandia hapo. Meli ilimshusha Masindi Port, akachukuliwa kwa gari mpaka Masindi, akateremka ule mteremko mkali wa bonde la ufa hadi Butiaba, akapanda meli nyingine Ziwa Albert, kisha Nile tena hadi Nimule, mpakani na Sudan. Waliokwenda Arua walishukia Rhino Camp, jina lililobaki tangu Theodore Roosevelt, aliyekuwa ameshamaliza urais wa Marekani, alipokwenda huko mwaka 1910 kuwinda vifaru weupe. Wazee walionifundisha kazi walizijua njia hizo kwa moyo kama sura za Kurani. Mpaka nilipostaafu nilikuwa bado napokea bahasha za "Masindi Port" zilizokusudiwa Masindi mjini, na kinyume chake, na ni sehemu mbili zilizotengana kwa safari nzima ya gari.

Sasa kifo chake. Watu husema Namasagali iliuawa na mafuriko. Ni kweli mvua za mwaka 1961 na 1962 zilikuwa za ajabu. Ziwa Victoria lilipanda zaidi ya mita 2 ndani ya miaka michache, Nile ikajaa, Kyoga ikatapakaa, magati yakazama. Butiaba nako kulizama, na meli ya Robert Coryndon, fahari ya Ziwa Albert, ikaishia hapo mwaka 1964. Lakini mimi nasema mgonjwa alikuwa mahututi kabla. Reli ilikuwa imefika Soroti mwaka 1929 kupitia Tororo na Mbale, na pamba ya Teso ikaacha kupanda meli. Reli ya kutoka Kenya ilipounganishwa na ile ya Busoga, Namasagali, iliyokuwa mwanzo wa safari, ikawa mwisho wa tawi. Kisha reli ya kaskazini ikafika Lira mwaka 1962, Gulu 1963, Pakwach 1964. Serikali ingeweza kuyajenga magati upya. Lakini kwa mzigo gani?

Majengo ya reli yakageuzwa shule, ndiyo iliyokuja kujulikana kama Namasagali College. Na reli iliyomnyang'anya babu yako kazi, mwalimu, nayo ikaja kuota nyasi miaka mingi, malori yakachukua mzigo wa kaskazini. Wapeleke wajukuu wakaone nguzo za gati kama bado zimesimama. Uwape majina ya meli babu yako alizofanyia kazi, wayaandike.

*

Mzee, sisi ni vijana wa Fort Portal. Tangu tuwe jiji Julai 2020, pamoja na Jinja, Mbarara, Gulu na wenzao, tunataka jina la Mwingereza litoke. Wazee wanatuambia tuache kelele. Wewe uko upande gani? — Kijana wa jiji, Fort Portal

Kijana, mimi nina maslahi hapa, acha niyataje. Mwaka 1891 Lugard alikwenda mpaka Ziwa Albert, akawachukua askari wa Kisudani waliokuwa wameachwa huko na Emin Pasha, gavana wa Misri. Akawapanga kwenye msururu wa ngome Toro, kumkinga Kasagama, mfalme wa Toro aliyekuwa amemweka kwenye kiti, dhidi ya Kabalega, mfalme wa Bunyoro. Askari wale ndio waliotuzaa sisi Wanubi. Kwa hiyo neno "Fort" kwenye jina la mji wenu lina jasho la mababu zangu, na pia lina machozi ya watu wa Bunyoro, ambao mashamba yao yalichomwa. Sijivunii nusu ya pili.

Portal, aliyekuwa mjumbe wa mwaka 1893, alifariki Januari 1894 akiwa na miaka 35. Alipita nchini kwa miezi tu. Ngome yenu ikaitwa Fort Gerry, kwa ufupisho wa Gerald, halafu ikawa Fort Portal. Mkewe, Alice, alifutwa Entebbe. Portal mwenyewe akasalia chini ya Rwenzori.

Mnaweza kulibadilisha? Kisheria, ndiyo. Lakini tazameni Amin. Ziwa Edward alilipa jina lake mwenyewe. Ziwa Albert akampa Mobutu. Maporomoko ya Murchison akayaita Kabalega. Ramani zikachapishwa, nasi posta tukaletewa waraka. Alipoanguka mwaka 1979 majina yote yakaanguka naye. La kwake na la Mobutu sikuyalilia. La Kabalega lilistahili kubaki, kwa sababu yeye aliipigania ardhi ile, na Murchison alikuwa mzee wa chama cha jiografia London ambaye maporomoko yale hakuyaona maishani mwake. Likafa kwa sababu liliamriwa na mtu asiyependwa, na kondakta wa basi hakulizoea kinywani.

Niko upande wenu, basi, ila msianzie bungeni. Kabarole mnayo tayari, ni jina la wilaya. Anzeni paki ya taksi. Siku kondakta wa Kampala atakapoita "Kabarole, Kabarole, mmoja amebaki!" na abiria wakapanda bila kuuliza, pelekeni ombi.

*

Majibu ya haraka haraka

Kwa aliyeuliza Jinja: ni mawe, yale ya ukingo wa mto pale Speke aliposimama tarehe 28 Julai 1862 akayapa maporomoko jina la Lord Ripon. Usiende kuyatafuta maporomoko. Bwawa la Owen Falls, lililozinduliwa na Malkia Elizabeth mwaka 1954, liliyafunika. Viwanda vya Jinja vilifuata umeme huo, si mawe.

Kwa bibi wa Mbarara: ndiyo, ni majani, yale marefu mnayoyaita *emburara*. Wazungu walikosea irabu moja na ikabaki hivyo.

Kwa kijana wa Gulu anayesoma Kampala: unachosimuliwa kuhusu Kololo ndicho nilichosimuliwa na mimi, kwamba Rwot (yaani mtemi) Awich wa Payira alifungwa juu ya kilima kile na akawa analia kwa Kiacholi kwamba yuko peke yake, *kololo*. Leo ndiko wanakoishi mabalozi, kila mmoja nyuma ya ukuta wake.

Kwa anayetoka Arua na kuchoka kuulizwa kama kwao ni Kongo: wajibu kwamba karibu iwe hivyo. Sehemu ile ilikuwa ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji mpaka alipokufa Desemba 1909, ikaenda Sudan mwaka 1910, ikaletwa Uganda mwaka 1914. Bila kuhama nyumbani, babu yako alitawaliwa na bendera tatu.

*

Mzee, nina duka njia panda, wilaya ya Kyegegwa. Barabara imetengenezwa na watu wanaanza kujenga, lakini senta yetu haina jina. Marehemu baba yangu ndiye aliyelima hapa wa kwanza. Nifanyeje iitwe kwa jina lake? — Mwenye duka, njia panda

Mwanangu, umeniuliza jambo ambalo Lugard na Portal hawakuuliza, nami nakupa siri zote.

Mwenyekiti wa LC, baraza la kijiji, mwone, ni adabu, na atakupa barua yenye mhuri, lakini usitegemee hiyo. Andika jina la baba kwenye ubao wa duka kwa herufi zinazosomeka kutoka kwenye taksi inayokimbia. Liwe fupi. Kama baba alikuwa na majina matatu, chukua lile walilomwita kilabuni. Vijana wa boda boda wawekee benchi na kivuli mbele ya duka. Steji ikizaliwa, itaitwa kwa ubao ulio karibu. Mpangishe mtu wa rolex, ile chapati ya mayai, pembeni, kwa bei ya chini mwanzoni, kwa sababu abiria husema "nishushe pale kwenye rolex" na wewe unataka waseme "nishushe kwa" fulani. Makondakta wa njia hiyo wape soda, uwaombe waite jina. Halafu ungoje shule. Siku wakijenga shule ya msingi hapo, uwe wa kwanza kwenye mkutano wa wazazi, maana jina la shule huandikwa kwenye vyeti, na likishaingia kwenye vyeti hakuna rais wa kulitoa.

Jirani mwenye duka la pili naye ana baba. Wahi.